Mfaume Akitoa Wimbo, Msiitikie

Kwa dada yangu Mwanahawa, nyumbani Mchukwi. Imechukuliwa na Bibi Tatu, muuza mikeka, ambaye ameniapia kwamba hataiweka kapu moja na samaki wa ng'onda.

Ilani kwa nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo, walioko barazani na walioko jikoni, na kuku kama wako karibu nao wasogee wasikilize. Gego langu la kushoto, lililoitumikia nyumba yetu kwa uaminifu tangu enzi za marehemu baba, halipo tena duniani. Limeng'olewa mbele ya mashahidi kwa uzi wa mshipi, likazikwa katika tope la Kiongoroni bila khitma wala ubani. Wenye kutaka kuleta rambirambi walete za kupondwa, maana bado natafuna upande mmoja.

Baada ya ilani hiyo, shikamoo dada yangu. Kifua chako kimepoa? Shemeji goti lake linamruhusu kwenda msikitini, au bado anasali kitandani na kulisingizia goti? Mke wa Salum anauchukuliaje huo uzito wake? Na mpunga umefika wapi, umeshatoa masuke? Ndege wameanza kushuka? Mimi, ukiliondoa hilo gego, viungo vyote ninavyo. Ya moyoni utayasikia.

Mwalimu, wewe unayemsomea dada, nakusalimu kwa heshima. Najua mwandiko wangu unakuumiza macho. Herufi nilijifunza mwenyewe kwa kuchungulia mbao za watoto wa chuo chako kwenye tundu la ua wa makuti, ndiyo sababu nyingine zimelala upande. Nina maombi mawili kwako. Kwanza, Zuhura binti yake dada atumwe kisimani sasa hivi, kabla hujaendelea. Mamaye atamwambia baadaye kwa maneno yake. Pili, ukifika penye ubaya usikohoe ukaruka mstari. Soma yote.

Dada, huku mitoni kazi ni ileile. Maji yakitoka tunaingia mikokoni na mashoka, yakijaa tunazisukuma boriti zikielea mpaka gatini, na katikati tunagombana na tope nani ampe mwenzie viatu. Mie na mdogo wetu Salum tulikuwa tunakaa banda moja, juu ya nguzo, pamoja na Mfaume. Na tangu watu wa milimani walipong'oa pamba na vita kuanza, tumejifunza adabu mpya. Neno maji halitajwi ovyo, kwa sababu ya ile dawa wanayoinywa wenzetu wakiamini kwamba risasi haziwapati. Askari akikusikia umetaja maji anataka kujua umeyapata wapi na umeyanywa na nani. Kwa hiyo mtu akiwa na kiu husema, nipe kile cha mtungini. Mvua ikinyesha tunasema kumelowa. Askari wakitokea, watu wote huingia mikokoni, na huko hakuna wa kutufuata, maana buti la askari likizama topeni humwachia mguu mtupu.

Mfaume unamjua kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyempikia siku alipoleta posa ya Zuhura kutoka kwao Kibiti, akala sahani mbili na kuisifu ya tatu. Kipawa chake ni kuiga watu. Ukikaa naye leo, kesho anakurudishia kikohozi chako. Bwana wa boriti, tajiri wetu, tunaigiziwa kila siku, na kilio cha kiboko dume anakitoa mpaka wakata boriti wageni wanapanda juu ya miti. Lakini sifa yake kubwa ni sauti ya marehemu Mkumba, yule mtoa nyimbo wa Kibiti aliyeimba harusi zetu zote. Mfaume akijifunga kilemba upande kama Mkumba na kulegeza shingo, unaweza kuapa kwamba mzee amefufuka na anadai chakula. Salum kila akimsikia alikuwa anatoka nje kupenga kamasi, kwa sababu Mkumba aliimba harusi yake.

Sasa sikiliza. Akida alimtuma mpiga mbiu apite mito yote kwa mtumbwi. Nilimsikia mwenyewe, nikiwa nimefungwa kitambaa shavuni.

"Wenyeji na wageni mnaalikwa," alisema. "Ngoma za kila namna, michezo ya kila namna, kikundi baada ya kikundi. Bwana Mkubwa kutoka bomani anakuja kutazama. Atakayewashinda wenzie atapewa mbuzi. Hapana kodi, hapana kazi, hapana kushikwa mtu. Ni furaha tu."

Mimi mtu akiniambia ni furaha tu huanza kutafuta njia ya kutokea. Lakini watu walikuwa hawajaona ngoma tangu vita ianze. Salum aliifua kanzu yake akaitandaza juu ya makuti, akailinda dhidi ya kunguru kama mahari.

Mchana wa siku hiyo Mfaume alikuja na chungu cha chumvi ya moto nisukutue. Alinishikia kichwa mwenyewe. Shavu langu lilikuwa limevimba, na homa nilikuwa nayo.

"Mjomba, wewe leo kaa kimya," akaniambia. "Kaa nyuma, tazama tu. Usijitese kuitikia na mdomo huo."

Kisha akamgeukia Salum. "Mkwe, nina hofu. Watu wa mitoni hawanijui. Nikitoa wimbo wakaninyamazia nitaiweka wapi sura yangu mbele ya Bwana Mkubwa?"

"Nani akunyamazie nami nipo?" Salum akasema.

"Basi anza wewe. Kwa sauti. Wenzetu wa nyumbani wakikusikia watafuata."

"Hata marehemu Mkumba atasikia huko aliko," Salum akamwambia.

Nilikuwa hapohapo, na chumvi mdomoni. Nilitabasamu kadiri shavu lilivyoniruhusu. Nikasema moyoni, Zuhura amepata mume mwenye huruma.

Michezo ilifanyika kwenye kiwanja cha kuanikia samaki, na hakuna aliyeuliza kwa nini, maana ndipo peke yake pakavu. Harufu ilikaa nasi kama mgeni aliyealikwa. Akida alivaa joho. Kando yake kilikuwapo kiti kikubwa kilichotandikwa kitambaa cheupe, cha Bwana Mkubwa. Bwana Mkubwa anakuja, anakuja, mpaka alasiri ikaisha, na jua lilipoanza kuinama akapanda kuku juu ya kile kiti akatulia. Akida akaona bora kuku kuliko aibu, akaamuru waanze.

Walianza wanawake wa Maparoni wenye njuga miguuni, wakaitikisa ardhi mpaka ng'onda wakaruka juu ya chanja. Wakafuata vijana wa mchezo wa fimbo, mmoja akapigwa kweli, akacheka kwa heshima ya wageni. Akaja mtu wa mazingaombwe aliyemeza moto; alipoutoa uliungua ukingo wa kilemba chake, na hapo ndipo watu walipomshangilia hasa. Mnubi mmoja, askari mstaafu, akapuliza tarumbeta huku wanawe wakipiga gwaride na bunduki za mikoko. Nilicheka hadi shavu likanilipiza. Sitakudanganya, dada, ilikuwa jioni nzuri. Hilo nalo nimeshindwa kulisamehe.

Nyuma tulikuwa tumekaa na watu nisiowajua, wenye kanzu mpya na miguu ya buti. Unajua miguu ya buti ilivyo, vidole vimeshikana kama vinaogopa. Niliiona. Nikadhani ni wageni wa akida.

Kandili zilipowashwa akaingia Mfaume. Alianza na bwana wa boriti, jinsi anavyohesabu na kukosea na kumtukana aliye karibu. Watu hoi. Akamwiga mwadhini wa Maparoni mwenye mafua, na mwadhini mwenyewe alikuwapo, akacheka mpaka akapiga chafya, ikawa wapo wawili. Akatoa kiboko, kuku akashuka kitini. Kisha akakigeuza kilemba upande, akalegeza shingo, na wanawake waliowahi kufika Kibiti wakasema, "Huyo Mkumba, huyo." Aliimba harusi mbili tatu za Mkumba, taratibu. Salum alikuwa mbele yangu. Niliona kisogo chake kinatikisika.

Halafu Mfaume akautoa wimbo wetu wa kuamia ndege.

Mwalimu ni mtu wa Bagamoyo, huenda haujui, kwa hiyo nitamweleza. Kule Mchukwi na Kibiti mpunga ukishatoa masuke tunapanda juu ya dungu, ule ulingo wa miti, kuwafukuza ndege. Mtu wa dungu moja hutoa wimbo, wa madungu mengine huitikia, na hivyo kila mmoja anajua mwenzie hajalala. Anatoa, "Ndege wa bondeni, mpunga una mwenyewe." Mnaitikia, "Ana macho, ana macho, yuko juu." Na asiyeitikia ama amelala ama ana ugomvi na aliyetoa. Kwa hiyo kwetu hakuna anayeusikia akanyamaza. Mdomo hujibu wenyewe, kama mtu akipigiwa hodi. Watu wa mitoni wana nyimbo zao, huu hawana.

Mfaume hakusema ndege wa bondeni. Alisema, kwa sauti ya marehemu, "Ndege wavuka bahari, mpunga una mwenyewe."

Salum akasimama. Kwa kanzu ile aliyoifua. Akaitikia kwa sauti aliyoahidi, "Ana macho, ana macho, yuko juu." Na wenzetu wote wa nyumbani waliokuwa pale, huku na huku, wakadakia. Mimi pia kinywa kilifunguka, dada, ila maumivu yakakifunga. Mfaume akarudia. Wakarudia, kwa nguvu zaidi. Ikapendeza mno.

Mara ya tatu hawakuimaliza. Wale wenye miguu ya buti kila mmoja alimkamata aliyeitikia karibu yake; mimi na shavu langu wakaniruka. Watu wa mitoni wakakimbilia mikokoni. Waliobaki wamekaa mchangani mikono kichwani walikuwa wa Mchukwi na Kibiti watupu.

Akida akasimama na joho lake. "Wakata boriti mna kinga ya bwana wenu," akasema, "siwagusi bila sababu. Sababu mmeitoa wenyewe kwa midomo yenu. Huu ndio wimbo wanaoimba waasi milimani wakifanya mazoezi ya vita."

"Bwana akida," Salum akasema, "huu ni wa ndege."

"Ndege gani?"

"Kwelea, bwana. Wadogowadogo. Wanakula mpunga."

Askari mmoja akacheka. Akida hakucheka. "Na hao kwelea wenu walivuka bahari kama Bwana Mkubwa?"

"Hapo pa bahari, bwana, ameongeza yeye." Salum akamwonyesha Mfaume kwa kidevu, maana mikono ilikuwa kichwani. "Mkwe, mwambie akida. Mwambie ni wimbo wa dungu."

Mfaume alikuwa anakifungua kilemba chake. Alikifungua, akakikunja vizuri, akakifunga upya katikati, kama anavyokifunga yeye mwenyewe siku zote. Hakuinua macho. Na hapo, dada, nilielewa chumvi ya moto, na anza wewe kwa sauti, na usijitese na mdomo huo. Alikuwa ameyapanga mchana, amenishikia kichwa changu.

Kweli watu wa milimani wameuchukua wimbo wetu. Siwalaumu, ni mzuri kwa kupigia hatua. Mfaume alilijua hilo, na alijua vilevile nani ataitikia, kwa kuwa ni watu wa kwao.

Asubuhi nilimkuta gatini. Amevishwa mshipi mwekundu. Ndiye mpiga mbiu mpya wa akida. Yule wa zamani amerudishwa kulima.

"Mfaume."

"Naam, mjomba. Shavu vipi?"

"Usiniite mjomba."

"Basi nikuiteje? Mkubwa wangu ni mkubwa wangu."

"Salum amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu. Salum ni mtu mwema." Alisema hivyo kwa sauti ya upole, na sijui hata kama ilikuwa yake. "Akida aliniita akaniambia nimtajie watu au nijitaje. Mimi sina watu wa kutaja. Nikasema nitaimba, atakayeitikia ameitikia. Sikutaja jina la mtu."

"Ulimwambia aanze."

"Asipoanza mtu, wimbo haunogi." Kisha akanisogelea. "Mjomba, fikiri na wewe. Ningechukuliwa mimi, Zuhura angeolewa na nani?"

Nimelifikiri swali hilo tangu siku ile. Nimepata majibu mengi, na yote ni bora kuliko yeye.

Mbuzi wa zawadi aliliwa na askari. Mtu wa mazingaombwe alikwenda kulalamika kwamba ndiye aliyeshinda, akaambiwa ameze mfupa.

Salum nilimwona mara moja kabla hawajapandishwa mitumbwini kwenda upande wa Mohoro. Walikuwa wamefungwa kamba mmoja kwa mwenzie. Nilimpa mihogo ya kuchoma, askari akala mmoja kuona kama una sumu, akala na wa pili kuhakikisha.

"Kaka," Salum akaniambia, "sauti ilitoka?"

"Ilitoka."

"Nilijua. Nilimwambia hatakosa wa kumwitikia." Akaumega muhogo. "Hebu nieleze, nilimkosea siku gani?"

Nikamwambia hakumkosea. Akasema afadhali ingekuwa amemkosea, angejua la kuomba radhi. Kisha kamba ikavutwa na wa mbele, naye akaenda. Hakulia, mwambie mkewe hivyo. Kanzu aliivua akanipa niitunze, nimeikunja, siivai.

Nimekwenda kwa bwana wa boriti kumwombea. Amekasirika kwelikweli, ila ni kwa ajili ya boriti. Amesema ataandika. Nimekwenda kwa akida, nimekaa barazani mpaka jua likanihama, akatuma mtu kunieleza kwamba kesi za maji haziulizwi. Nitakwenda tena. Bibi Tatu ananiambia shemeji ana rafiki anayejuana na karani wa Mohoro. Goti au si goti, naomba aende. Mtoto wa Salum asizaliwe baba yake akiwa kambani kwa sababu ya adabu ya kuitikia.

Sasa lililonifanya nikae niandike na homa yangu. Mfaume anakuja huko. Akida anamtuma Kibiti na Mchukwi kuandaa jioni nyingine ya michezo, ngoma za kila namna, hapana kushikwa mtu. Atakuja na mshipi mwekundu, atakusalimia kwa magoti, atauliza kifua chako, na atakuletea habari za Salum kwa uso wa mfiwa. Atamwiga Salum pia, akitaka, na utalia. Mpe cha kunywa, ni mgeni. Wali usimpikie. Mkeka na leso alizoleta za posa mrudishie palepale mlangoni, mbele ya watu, na useme mjomba mtu amekataa. Zuhura atalia, mwache alie. Akiuliza sana, mwambie jinsi kilemba kilivyokunjwa.

Na mpitie nyumba zote, wewe na wanawake wenzio, mmwambie kila mtu. Waende kwenye michezo ikiwa hawana budi, wacheke, wampigie makofi kiboko wake. Lakini Mfaume akitoa wimbo, msiitikie. Hata ule wa harusi, hata ule wa dungu. Shikeni midomo kwa mikono kama hamna njia nyingine. Najua ninachokuombeni. Najua mtu akitoa wimbo kwetu na asiitikiwe ni kama amekufa. Ndivyo ninavyotaka.

Madunguni pia mwaka huu itawabidi mpige madebe. Najua ndege watakula zaidi.

Nisalimie shemeji, na goti. Nisalimie mke wa Salum, umwambie kwanza kwamba mumewe yu hai, mengine yafuate. Nisalimie mama mkwe wangu ambaye hanipendi, mwambie nimepungukiwa na jino, atafurahi. Nisalimie somo yako wa kisimani, na yule jirani mfua chuma, na Mwalimu mwenyewe aliyechoka kusoma. Zuhura mwambie mjomba wake anamwona kichwani kila siku, akiwa juu ya dungu na kombeo lake.

Ni mimi mdogo wako wa kushika ziwa la pili, Mbaraka, niliyebaki huku mmoja.

Karatasi nilikuwa nimeshaikunja, nimeikunjua. Amepita hapa sasa hivi yule askari aliyekula mihogo, anatafuta kaa wa kununua. Nimemuuliza kama Salum na wenzie wameshaulizwa juu ya ile dawa. Hakuelewa. Amesema hakuna aliyeulizwa kitu: bomani walikuwa wamepungukiwa na wapagazi wa vita.